Sentensi Aliyoikata Babu

Chumba cha wauguzi, wodi ya upasuaji
3 Februari

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Naanza na afya, maana najua usipoikuta mwanzoni utaruka barua nzima kuitafuta. Mimi ni mzima. Mama ni mzima, ila magoti yake yanagombana naye kila apandapo ngazi, na ananituma nikuambie kwamba zile soksi alizokununulia si za kutunzwa sandukuni. Mdogo wangu amepata kazi ya kupima viwanja. Anashinda juani na akirudi anakula chakula cha watu watatu. Natumai wewe nawe u mzima na macho yanakutii. Ningekupigia, lakini mwenyewe ulisema simu siku hizi unaisikia kama nyuki waliofungiwa kwenye debe.

Miaka miwili imetimia tangu Bibi atutoke. Mungu amrehemu mke mwenzangu. Ameniachia mzigo wote wa kukusumbua, nami naanza leo.

Unaukumbuka mradi nilioanzisha hapa wodini. Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji haendi nyumbani mpaka ataje kwa kinywa chake dalili tatu za hatari: homa, kidonda kutoa usaha, na maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Zamani tulimkabidhi ndugu yake karatasi ya maelekezo dirishani, basi, kwaheri. Sasa nakaa na mgonjwa kwenye benchi, namweleza, kisha namwambia, "Haya, nieleze mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyeshonwa." Mzee mmoja alinitazama kwa huruma akasema, "Binti, umeshasahau ulichosema sasa hivi?" Lakini akazitaja zote. Hadi Desemba tulikuwa tumeshakaa na wagonjwa mia moja na arobaini.

Mganga Mkuu anasema benchi linakula saa za wauguzi wawili. Ametupa sharti. Kuna kongamano la utafiti wa afya, linapokea ikisiri, yaani muhtasari wa kazi nzima, mpaka tarehe 30 Juni. Yetu ikikubaliwa, mradi unabaki. Ikikataliwa, benchi linaondolewa na tunarudi dirishani.

Ikisiri inatakiwa iwe maneno mia mbili na hamsini. Yangu ina mia nne na kumi, na kila nikitaka kufuta neno moja naona kama nafukuza mtoto. Wewe umefundisha watu kufupisha vitabu kwa miaka arobaini. Nikatie, Babu. Nimeiambatisha.

Mjukuu wako, na mke mdogo ambaye mahari yake hujamaliza

* * *

Nyumbani
19 Februari

Mjukuu wangu,

Namtanguliza Mola, ambaye kwa idhini yake karatasi hii itakufikia, kisha naitikia: marahaba. Habari za mama yako nimezipokea kwa shukrani, na soksi nimezivaa nikiwa naandika. Mimi sijambo. Jicho la kulia limeingiwa na ukungu, la kushoto linafanya kazi ya mawili bila kulalamika. Barua yako aliileta jirani yangu fundi saa, ambaye kila aendapo posta hupitia sanduku langu, akarudi kunihesabia mihuri kana kwamba ameipiga yeye.

Nimeisoma ikisiri yako mara nne. Nitakuambia jinsi mwalimu wangu alivyotufundisha, kwa kuwa sijui njia nyingine. Alikuwa na birika lenye ufa chini. Akilijaza maji, anakuamuru ueleze mlango mzima wa kitabu kabla halijakauka. Mara ya kwanza nilianza kwa kumsifu mtunzi, babu zake, na mji aliozaliwa. Maji yakaisha sijafika kwenye jambo. Mwalimu akasema, "Umetupokea mlangoni vizuri sana. Sasa tutakufa na kiu tukiwa hapo hapo mlangoni."

Nawe umefanya vivyo hivyo. Sentensi zako tatu za kwanza zinazungumzia dunia nzima na hali ya afya katika mabara. Anayeisoma ana ikisiri mia mbili nyingine mezani. Anataka kujua ni shida gani uliiona katika wodi yako, ulifanya nini, kwa watu wangapi, ikawaje, na mwingine afanye nini kesho. Pale penye matokeo umeandika kwamba "yalikuwa ya kutia moyo sana". Moyo wa nani? Niandikie hesabu, moyo wake atautia mwenyewe.

Nimekata kwa kalamu nyekundu, nikahesabu maneno kwa tasbihi: mizunguko miwili na punje hamsini na mbili, ndiyo mia mbili na hamsini yako. Nimeondoa pia ile sentensi inayosema kwamba zamani karatasi alisomewa mgonjwa na ndugu yake, na kwamba ndugu huacha baadhi ya mambo. Haina kazi.

Limebaki moja. Barua yako inasema mlikaa na wagonjwa mia moja na arobaini. Ikisiri yako inasema mlifuatilia mia moja thelathini na mmoja. Mimi si mtu wa hesabu, lakini nauliza: tisa wako wapi?

Babu yako

* * *

Wodini
11 Machi

Babu,

Shikamoo. Sote wazima, mama amefurahi kusikia habari za soksi, ingawa amesema hataamini mpaka azione zimetoboka.

Asante kwa kalamu nyekundu. Niliumia mpaka nilipoisoma upya, nikaona kumbe mradi wangu una sura. Hesabu ndizo hizi. Kabla ya benchi tulifungua mafaili mia moja na ishirini. Vidonda ishirini na kimoja viliingia usaha, na wagonjwa kumi na wanne kati ya wenye vidonda hivyo walirudi wamechelewa, zaidi ya siku mbili tangu dalili zianze. Baada ya benchi, katika hao mia moja thelathini na mmoja, vidonda vilivyoingia usaha ni ishirini. Waliochelewa ni wanne tu. Kutoka kumi na wanne mpaka wanne, Babu. Nilipoziona nilizunguka wodi nzima nikitafuta wa kumwambia.

Hao tisa hawakuja kuonwa siku ya kumi, na simu zao hazikupatikana. Nilimweleza mwenzangu tunayefanya naye mradi. Tunamwita Karani wa Mbinguni, kwa sababu hakuna linalopita wodini asiliandike. Akasema, "Babu yako kaulizia tisa? Mpe salamu. Mwambie ana mwenzake huku." Basi tukaenda kwa Mganga Mkuu.

"Waliopatikana ndio waliopatikana," akasema.

"Lakini tulikaa na mia moja na arobaini," Karani akamjibu.

"Dada, mtu hajichongei mwenyewe. Nafasi ni maneno mia mbili na hamsini, wewe unataka kuyajaza watu usiowaona. Mnaandika ikisiri au mnatubu?"

Nimewaacha nje. Usikasirike. Benchi likiondoka, wagonjwa mia watakaokuja baada ya hapo ndio watakaolipa, si mimi.

Ila ile sentensi ya ndugu anayesoma karatasi nimeirudisha. Ndiyo iliyouzaa mradi wote. Bila hiyo, benchi linakuwa fanicha tu. Kwa nini uliikata?

Mjukuu wako

* * *

Nyumbani
2 Aprili

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mama yako nimemwombea dua, na magoti yake pia. Fundi saa amelazwa na mafua, hivyo barua yako ilikaa posta wiki nzima.

Nimekasirika, nami sitaficha. Tuwachukulie hao tisa kwamba wote waliugua na wote wakachelewa. Wanne wako wanakuwa kumi na watatu, na wa zamani walikuwa kumi na wanne. Unaona? Huenda furaha iliyokuzungusha wodi nzima imekaa juu ya watu tisa ambao hujui kama wako hai. Kufupisha ni amana. Anayefupisha ameona yote. Anayesoma ataona kile tu alichopewa, naye hana njia ya kujua kilichoachwa. Mwalimu wangu aliruhusu tuache mapambo, turuke mifano, tupunguze majina. Lile ambalo msomaji akilijua atabadili uamuzi wake, hilo hakuruhusu liguswe, hata birika likauke mara tatu.

Ile sentensi nimeikata tena. Nakuomba usiniulize.

Tangu barua yako ifike sijatulia. Nakaa, nasimama, nafungua dirisha, nalifunga. Katika sala najikuta nimesahau rakaa niliyofikia, narudia, narudia tena. Huenda ni jicho.

Babu yako

* * *

Wodini
28 Aprili

Babu,

Shikamoo. Tu wazima, ila nyayo zangu zimechubuka. Siku zetu za mapumziko, mimi na Karani wa Mbinguni tumekuwa tukiwatafuta tisa wako. Tumegonga milango, tumeuliza madukani, tumefukuzwa na bata mzinga.

Saba tumewapata. Watano walipona salama wakaona hakuna haja ya kurudi. Mmoja kidonda kiliingia usaha, akachelewa, akatibiwa kwingine, akapona. Wa saba tulionyeshwa kaburi lake.

Nilikaa na mkewe kwenye kizingiti. Nilimkumbuka huyo mgonjwa. Ndiye aliyeniuliza kama nimeshasahau nilichosema. Nikamwuliza mkewe kama mumewe alizijua dalili. Akasema, "Alizijua. Alinitajia zote tatu, moja moja, homa ikiwa imempanda. Kisha akasema ataenda kesho." Alisema hivyo siku tatu mfululizo.

Nimewaandika, Babu. Wawili hawajulikani waliko, nao nimewaandika hivyo hivyo. Waliochelewa sasa ni sita kati ya ishirini na wawili. Hesabu si nzuri kama ile ya kwanza, lakini sasa naweza kulala nayo chumba kimoja. Mganga Mkuu aliisoma akanirudishia.

Umenifundisha kwamba lile linalobadili uamuzi wa msomaji haliachwi. Basi nakuuliza kwa adabu zote, kwa mara ya mwisho. Sentensi hiyo umeikata mara mbili, na hakuna neno jingine ulilolikata mara mbili. Bibi aliniambia jambo kwenye simu wiki ile ya mwisho. Sijamwambia mtu, hata mama. Sitaliandika mpaka uniambie wewe.

Mjukuu wako

* * *

Wodini
30 Mei

Babu,

Shikamoo. Mwezi umepita. Mama amepiga simu kwa fundi saa, naye anasema unakula, unaswali, unatembea uani kama mlinzi. Ikisiri iko mezani kwangu, maneno mia mbili na tisini. Nimebakiwa na mwezi mmoja. Kama nilivuka mpaka, nigombeze, lakini niandikie.

Mjukuu wako

* * *

Nyumbani
11 Juni

Mjukuu wangu,

Marahaba, na amani iwe juu yako na juu ya nyumba yenu. Hukuvuka mpaka. Ni mimi niliyekuwa nauhamisha kila ulipoukaribia.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi iliyokunjwa mara nne. Ni ile aliyopewa bibi yako aliporuhusiwa kutoka hospitali ya hapa, baada ya kuondolewa uvimbe. Nilikabidhiwa mimi dirishani. Bibi yako alikuwa amekaa juu ya mkoba wake, amechoka, akasema, "Soma wewe msomi wetu." Ina mistari minane. Nilisoma yote kimya, kisha nikamfupishia: "Wanasema upumzike, usiinue kitu kizito, dawa unywe baada ya chakula, mshono usilowe maji." Akasema, "Basi ni hayo tu?" Nikasema ni hayo tu.

Mstari wa sita unasema: ukiona homa au usaha, rudi siku hiyo hiyo.

Niliuona. Sikuupita kwa bahati mbaya. Alikuwa mwoga wa hospitali, nikaona nisimtie hofu njiani. Nikajiambia kwamba homa ikija nitaijua mimi. Haikupita wiki, homa ikaja, naye akaificha siku nne, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba homa ni ya kurudi nayo. Aliniambia mwili unapona, unafanya joto. Nilipoigusa shingo yake muda ulikuwa umekwisha.

Miaka arobaini niliwafundisha vijana wa watu jinsi ya kufupisha. Mtu mmoja tu alinitegemea kwa uhai wake, na kwake nikaacha lile lisiloachwa. Watu walipokuja kunipa pole walisema ni siku yake imefika. Imefika kweli, siwezi kumpinga aliyeipanga. Lakini mimi nitaulizwa juu ya mstari wa sita, si juu ya siku yake.

Sasa unajua kwa nini sentensi ile sikuweza kuitazama. Nimeirudisha, tena nimeipeleka juu kabisa, mahali ulipokuwa umeweka mabara. Ikisiri yako inaanza hivi: "Mgonjwa anaporuhusiwa baada ya upasuaji, karatasi ya maelekezo mara nyingi husomwa na ndugu, ambaye huweza kuacha dalili za hatari bila mgonjwa kujua." Baada ya hapo linakuja benchi. Kisha hesabu zako, pamoja na hao wote tisa: watano waliopona, mmoja aliyechelewa, mmoja aliyefariki akizijua dalili, wawili wasiojulikana. Mwisho nimekuandikia kwamba kutaja dalili kunasaidia, lakini hakumfikishi mgonjwa hospitalini. Anahitaji pia mtu wa kumwuliza siku ya tatu. Ili mengine yapate nafasi nimekata neno "sana" mahali pote lilipokuwa, na sifa zote za hospitali yenu. Nimehesabu kwa tasbihi mara tatu. Ni maneno mia mbili na hamsini.

Itume kabla sijabadili nia.

Babu yako

* * *

Wodini
2 Septemba

Babu yangu,

Shikamoo. Sote wazima. Mdogo wangu amevunja darubini ya kupimia viwanja, anasema ilianguka yenyewe.

Niliituma kama ulivyoiandika, sikugusa herufi. Jibu limekuja jana. Hawakutupa nafasi ya kuzungumza jukwaani. Wamesema wagonjwa ni wachache na wodi ni moja. Wametupa nafasi ya bango ukutani. Chini, mmoja wa waliopima ameandika kwa mkono kwamba katika ikisiri zote alizosoma, hii pekee ndiyo iliyomweleza watu waliokosekana walikwenda wapi. Mganga Mkuu alisoma jibu akiwa amesimama. Akauliza, "Bango nalo si kukubaliwa?" Karani wa Mbinguni akamwambia, "Ni kukubaliwa, nimeshaandika." Benchi linabaki. Tumeongezewa simu ya siku ya tatu.

Karatasi ya Bibi nimeiweka ndani ya kabati langu, mstari wa sita ukitazama nje. Sasa zamu yangu.

Wiki ile alinipigia. Alisema mwili una joto kidogo. Nikamwuliza karatasi inasemaje, akacheka: "Babu yako amenisomea kwa sauti nzuri, hakuna habari ya homa humo." Nilikuwa kazini, nimevaa glavu, mwenzangu kanishikia simu sikioni. Muuguzi mzima, nikamwambia, "Pumzika Bibi, nitakupigia baadaye tuzungumze vizuri." Mgonjwa akaletwa. Sikumpigia. Kesho yake nikasema kesho. Kwa hiyo usibebe karatasi hiyo peke yako, Babu. Ina mikono miwili.

Mjukuu wako

* * *

Nyumbani
5 Oktoba

Mjukuu wangu,

Marahaba. Utaona herufi zangu zimekuwa kubwa kama za mtoto wa chekechea. Naandika kwa jicho moja. La kulia limefanyiwa upasuaji wa kuondoa ukungu siku sita zilizopita, na kwa rehema za Mola linaendelea vema. Mwambie mama yako asipande basi kuja, nikimhitaji nitamwita.

Barua yako niliisoma, kisha nikakaa. Tangu Machi ndiyo mara ya kwanza kukaa bila kusimama tena. Sitakuambia kwamba huna kosa. Nikifanya hivyo nitakuwa nakufupishia. Nimekuombea wewe na mimi katika dua moja, na bibi yako nimemwombea peke yake, kwa urefu.

Nikupe habari ya hospitali. Siku ya kuruhusiwa nilikuwa na bandeji, na la kushoto nalo limelowa machozi ya dawa. Karatasi ilipita dirishani, ni dirisha lile lile, ikachukuliwa na fundi saa aliyenisindikiza. Akaitupia macho, akaikunja. "Hamna kitu, mzee. Dawa ya matone na kupumzika. Twende, gari linasubiri."

Nikamwambia, "Soma."

"Nimeshasoma."

"Umesoma wewe. Mimi bado."

Akaanza kusoma kwa haraka, kama mtu anayetaja bei. Nikamsimamisha, nikamwomba aanze upya, asiruke. Watu walikuwa wamepanga foleni nyuma yetu. Mmoja akanung'unika kwamba wazee tunapenda hadithi. Nilipomsikia fundi saa amefika mwisho, nikamwita muuguzi wa dirishani, binti wa umri wako kwa sauti yake, nikamwambia asikilize kama nimepata. Akasema, "Mzee, hatuna utaratibu huo hapa." Nikamwambia najua. Nikamtajia mistari yote saba, kwa mpangilio wake, na foleni ikisubiri. Akauliza nimefundishwa na nani. Nikamwambia. Ameomba anwani yako; nimempa.

Wa tano ndio ulionifanya nisimame pale. Nauandika hapa ili nawe uwe shahidi kwamba ninao: jicho likiuma ghafla, au nuru ikipungua, nirudi siku hiyo hiyo.

Si kesho.

Babu yako